Chafya ya Mjukuu wa Jerusa

Sista Waringa alikuwa na sauti. Hilo hata maadui zake wangekubali, kama angekuwa nao. Asubuhi akisimama mbele ya benchi za dispensari kufundisha, maneno yake yaliruka ua wa michongoma yakawafikia wachumaji katikati ya mashamba ya chai, nao wakawa wanamjibu kutoka huko huko bila kuinua vichwa.

"Mtoto mchanga anapewa nini miezi sita ya kwanza?"

"Maziwa ya mama peke yake!" zilijibu benchi.

"Hata maji?"

"Hata maji hapana!"

"Hapana!" ikaitikia sauti moja ya mbali kutoka majanini.

Alikuwa mzaliwa wa Londiani, mjukuu wa Mkikuyu aliyehamia huko zamani kulima viazi akakataa kuondoka. Huku juu ya Litein alikuja akiwa ametoka chuo cha uuguzi juzi tu, akajifunza Kikipsigis cha kusalimia, kisha cha kukaripia, na mwisho cha kutania, ambacho ndicho kigumu. Kazi yake aliipenda yote, lakini kufundisha alikupenda kupita kiasi. Sindano humfaa aliyedungwa, alikuwa akisema, bali neno humfaa hata jirani aliyekuja kusindikiza tu. Ukutani alikuwa na picha kubwa za rangi: mama ananyonyesha, mtu ananawa mikono, chandarua kimefungwa vizuri juu ya kitanda ambacho hakuna mtu kijijini aliyewahi kuona kizuri kama hicho. Kwa picha hizo na sauti hiyo aliamini kijiji kizima kimeelimika. Na kwa nini asiamini? Kila alipouliza, walijibu sawasawa.

Mwanafunzi wake bora alikuwa Kogo Jerusa. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na Jerusa alikuwa nyanya kweli kweli, mrefu, mkavu, mwenye kitambaa cha kwaya ya akina mama wa kanisa hata siku zisizo za kanisa. Alikaa benchi ya mbele. Alijibu kabla swali halijaisha. Mara nyingine alikuja bila mgonjwa wala mtoto, akasikiliza mafundisho, akajibu yote, akarudi zake nyumbani kuchuma chai.

Mazoea hayo aliyaanza kwa ajili ya mumewe. Mzee Kipkurui alikuwa na ugonjwa wa presha, na alikuwa na masikio ya kuchagua. Jerusa angemwita aje anywe chai, kimya. Angemwita amfunge ng'ombe, kimya. Angemwita ameze dawa zake, na mzee aliyekuwa anasikia lori la majani likipanda mlima wa pili angekuwa kiziwi kama jiwe la kusagia. Lakini siku ya kliniki, Waringa akijitokeza mlangoni akaita "Kipkurui!" mara moja tu, mzee aliinuka pale pale. Alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja mpaka shingoni, akasema, "Nakuja, Sista. Nimesikia."

"Umeona?" Jerusa aliuambia umma wote wa benchi. "Mimi naita mpaka koo inakauka, ati hasikii! Huyu anaita mara moja tu!"

Watu walicheka, na mzee alipita akitazama mbele kama askari wa gwaride. Alifariki msimu wa baridi wa mwaka juzi, usingizini, bila kumsumbua mtu. Jerusa aliendelea kuja dispensari kukaa mahali pale pale, na Waringa hakumuuliza kwa nini.

Sasa kulikuwa na mjukuu. Chemutai, mke wa Bethwel, kitinda mimba wa Jerusa anayeendesha bodaboda Litein, alijifungua mvulana kabla siku hazijatimia. Mtoto alikuwa mdogo, na kifua chake kilimpa kazi. Alikaa hospitali kubwa akisaidiwa kupumua mpaka walipomruhusu kurudi nyumbani na maagizo marefu. Waringa aliyarudia maagizo hayo yote mbele ya Jerusa: joto, maziwa ya mama, mikono safi, moshi mbali. Jerusa alijibu yote bila kukosa hata moja. Waringa alilala usingizi mzuri.

Jumanne moja Chemutai alikuja kumpima mtoto uzito, peke yake, maana mama mkwe alikuwa na zamu ya kusafisha kanisa. Alikuwa msichana mpole aliyezoea kukaa benchi ya nyuma na kuitikia kwa midomo tu. Siku hiyo, Waringa alipomaliza habari za kunawa mikono na kuuliza kama kuna swali, jambo alilouliza kwa desturi bila kutarajia jibu, mkono wa Chemutai ulinyanyuka.

"Sista, na tumbako?"

Benchi zikacheka. "Tumbako gani?" Waringa alisema. "Bethwel ameanza sigara?"

"Tumbako ya kunusa. Ile ugoro." Chemutai alitazama miguu yake. "Kwa mtoto."

Kicheko kilikatika. Waringa aliwatazama nyanya wa benchi ya mbele. Mmoja alikuwa akiichunguza misumari ya paa. Mwingine alikuwa akifunga upya kitambaa kilichokuwa kimefungwa vizuri tangu alfajiri. Kila mtu mle ndani alijua Chemutai anazungumzia nini, isipokuwa mwalimu.

Alimwingiza chumba cha mizani akafunga mlango.

"Niambie."

Chemutai alimwambia. Kuna jambo linaitwa kurenet, alisema, kuita. Mtoto akizaliwa, wanawake wa ukoo hukaa wakaita majina ya waliokufa, mmoja mmoja, kuuliza ni nani anataka kurudi kwa huyu mtoto. Mtoto akipiga chafya kwa jina fulani, basi ndiye huyo amekubali, na jina ni lake. Kanisani mchungaji anajua na hajui. Hakuna ubaya, ni kukaa na kuita na kunywa chai.

"Sasa shida iko wapi?"

"Mtoto alikataa, Sista. Waliita wote. Baba ya mzee, ndugu zake, mpaka wale wa zamani sana. Mama akamwita mzee mwenyewe. Kipkurui, Kipkurui, Kipkurui, mpaka jioni. Mtoto amelala tu." Alimpangusa mtoto mdomo ambao haukuwa mchafu. "Mama hakulia. Alienda kukamua. Lakini akirudi aliniambia, 'Amekataa nyumba yangu.' Ametoa kopo ya tumbako ya mzee kwa sanduku. Jumamosi wanakuja tena, na anasema mzee asipokuja kwa sababu yake, atakuja kwa sababu ya tumbako. Wengine huweka kidogo kwa pua, ndio apige chafya."

Waringa alikitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka chini ya shuka. Mtoto wa umri ule hupumua kwa pua, mdomo hajaujua. Pua ikivimba kwa ugoro, ikiziba, na kifua ndicho hicho! Aliogopa, tena aliogopa sana.

"Na mimi nimekaa hapa miaka yote hii," alisema, "mbona hakuna mtu amewahi kuniambia?"

"Hukuuliza, Sista," Chemutai alisema bila ubaya wowote. "Wewe huuliza tu zile ziko kwa picha."

Neno hilo lilimchoma. Siku nzima liliendelea kumchoma, akidunga, akipima, akifunga vidonda. Wazo lake la kwanza lilikuwa kukataza. Angemwita Jerusa, angemtolea ile sauti, na Jerusa angejibu "Ndio, Sista" vizuri kuliko wote, kisha angerudi nyumbani kufanya alilokusudia. Ya dispensari ni ya dispensari, ya nyumbani ni ya nyumbani. Zamani, mtu akipuuza mafundisho, Waringa alikuwa akitingisha kichwa na kusema sikio la kufa halisikii dawa. Jioni hiyo, akizitoa picha ukutani kuzipangusa vumbi, aliona kwamba huenda masikio hayakuwa na kosa. Dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimwagwa pembeni.

Jumamosi hakuwa na zamu. Alivaa koti la mvua na mabuti, akakatiza kwenye vijia vya chai mchana, wakati wanawake walikuwa wakirudi kutoka kwenye banda la kupimia majani na vikapu vitupu mgongoni. Lori la kiwanda lilikuwa limeshapakia na kuondoka. Walimwamkia kwa furaha iliyozidi kidogo, kama watoto waliokutwa jikoni.

"Chamgei, Sista!"

"Chamgei mising. Mnaenda wapi na haraka hivyo?"

"Kunywa chai tu."

"Basi tutakunywa pamoja."

Kwa Jerusa waliingia wote. Nyumba ilikuwa na joto la moto wa makaa, na mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake, amefungwa shali tatu na kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi, tumbo limejaa, amelala. Jerusa alimwona Waringa, akasimama, akaketi, akasimama tena. Mwisho ukarimu ulishinda. Alishusha kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa yenye rangi ya majivu ya mkaa wake, akammiminia kikombe mpaka ukingoni, pengine akitumaini kwamba mtu mwenye mdomo uliojaa hafundishi.

Waringa alikunywa. Kisha alifanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya katika kazi yake: akauliza swali ambalo hakujua jibu lake.

"Kogo, nimesikia leo kuna kurenet. Mimi sijui ni nini vizuri. Mnanifundisha?"

Wanawake walitazamana. Aliyeanza ni Cheptoo, dada mkubwa wa marehemu Kipkurui, mwanamke mfupi mwenye fimbo na neno la mwisho katika kila jambo la ukoo ule. Alieleza nani huita, na kwa utaratibu gani. Jirani akamsahihisha. Cheptoo akamsahihisha aliyemsahihisha. Mara wote walikuwa wakisema kwa pamoja, huyu anasimulia jinsi mwanawe alivyopiga chafya kwa jina la shangazi mchoyo, na kweli hadi leo mtoto yule hawezi kumgawia mtu hata kipande cha muwa. Yule naye anaapa kwamba mtoto wa jirani yake aliitwa mpaka wanawake wakasinzia, kumbe chafya yenyewe ilitoka kwa paka. Waringa alicheka mpaka mursik ikampalia.

"Leo wewe ndio uko benchi," Cheptoo alimwambia, akimpiga mgongoni.

"Niko benchi ya mbele kabisa."

Jerusa peke yake hakuwa akicheka. Alikuwa ameshika kopo dogo la bati, limechakaa pembeni mahali kidole gumba cha mwenyewe kilikozoea kukaa. Alilifungua. Harufu kali ya ugoro ikatoka.

"Tumeongea ya kutosha," alisema. "Tuanze."

"Kogo, ngoja kidogo. Niko na swali ingine moja." Waringa alimgeukia Chemutai. "Huyu mtoto, tangu azaliwe, hajawahi kupiga chafya?"

"Anapiga," Chemutai alisema. "Kila siku. Asubuhi nikimvua kofia nimwoshe uso. Hata mara mbili, mara tatu."

Nyumba ililipuka.

"Kila siku!" Cheptoo aligonga fimbo chini. "Na sisi tunakaa hapa tunaita kama watu wanauza samaki! Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Chemutai alisema polepole, na Waringa akajitia kikohozi ili asicheke.

Hapo mwalimu alirudi, lakini kwa sauti ya chini, sauti ambayo watu wa majanini hawakuwahi kuisikia. Mtoto mchanga hupiga chafya mwenyewe, alieleza, ndiyo njia yake ya kusafisha pua. Hewa ya ubaridi ikimgusa uso, basi. Lakini ninyi mnakuja mchana, lori likishaenda, yeye ameshiba, amefungwa kama mzigo wa sokoni, na moto uko hapa. Hata mimi ningelala. Mvueni kofia tu, akiwa macho, kifuani kwa mama yake. Hiyo tumbako hamuihitaji.

"Wewe mwenyewe ulinifundisha," Jerusa alisema. "Mtoto mdogo, joto, joto, joto! Leo unasema avuliwe kofia."

Wanawake walimtazama Waringa kuona atatokaje.

"Nilikufundisha ukweli," alisema. "Joto atapata kwa mama yake. Kofia ni dakika tu, halafu inarudi. Lakini tumbako, Kogo, hapana. Pua yake ikifunga, hajui kupumua kwa mdomo. Na ile sumu ya tumbako inaingia kwa damu, moyo unakimbia. Huyu ni mtoto alikuwa anapigania pumzi mbele ya macho yako. Ulikuwa hapo."

"Nitaweka kidogo. Kama ncha ya sindano."

"Hata hiyo."

"Basi atakujaje?" Jerusa aliuliza, na sauti yake ya kwaya ikapasuka katikati. "Mimi namwita hasikii! Nimemwita maisha yangu yote hasikii. Nikamwita siku ile wote wakiwa hapa, hasikii. Watu wakaenda nyumbani wakisema hata kaburini amenikataa. Hii tumbako ndio kitu alikuwa anapenda. Nitafanya nini ingine?"

Waringa alikuwa amekuja kupigana na ukaidi, akakuta majonzi. Machozi yalimlenga. Alimkumbuka mwanamke huyu akikaa benchi ya mbele bila mgonjwa, akijibu maswali yote, mahali pale pale ambapo mumewe alikuwa akiinuka. Aliweka kikombe chini, akaenda kupiga magoti mbele yake juu ya sakafu ya udongo.

Makelele yalikuwa yamemwamsha mtoto. Chemutai, aliyekuwa amesikiliza yote, alimlegeza shali moja, akamlaza kifuani pake. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, akamvua kofia. Mlango ulikuwa wazi, na upepo unaotangulia mvua ulikuwa ukiingia.

"Kogo," Waringa alisema, "wewe ulimjua kuliko sisi wote. Nisaidie mimi. Mzee Kipkurui…"

Mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, kavu, kama ya paka. Waringa alibaki mdomo wazi na swali lake nusu. Alikuwa anataka kuuliza kama mzee yule angekubali mjukuu wake atiwe ugoro puani, swali zuri, alilokuwa amelipanga njia nzima, na halikuulizwa hadi leo. Mtoto alikunja uso, akafikiri, akapiga chafya ya pili.

"Ni nani ameita?" Cheptoo aliuliza kwa mnong'ono.

"Sista."

"Sista si wa ukoo."

"Sauti si ya ukoo, lakini jina ni la ukoo."

"Hata Kikipsigis chake ni cha kujifunza!"

"Kwani mzee alikuwa anaulizia cheti cha kuzaliwa?"

Mjadala ulipamba moto. Wengine walisema irudiwe, wengine walisema chafya hairudiwi, imeshatoka imetoka. Macho yote yalimwendea Cheptoo, maana marehemu alikuwa ndugu yake. Cheptoo naye alikuwa akimtazama Jerusa. Jerusa alikuwa ameinama, ameufunika uso kwa kitambaa cha kwaya, na mabega yalikuwa yakitikisika. Chemutai alinyoosha mkono amshike.

Jerusa aliinua uso. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashindwa kupumua, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Ni yeye!" alisema. "Ni yeye kabisa! Mnauliza nini? Mimi naita mpaka koo inakauka, hasikii. Sista anaita mara moja tu!"

Hapo nyumba nzima ilianguka kwa kicheko. Cheptoo aliangusha fimbo. Jirani mmoja alilazimika kutoka nje akashike nguzo. Ilipotulia kidogo, Cheptoo aliokota fimbo yake, akajiweka sawa, akatoa hukumu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Ni Kipkurui. Ndugu yangu tangu utoto alikuwa hivyo. Mrudishieni kofia."

Na Waringa? Waringa aliijua hewa ya ubaridi. Alikuwa ameieleza mwenyewe muda mfupi tu uliopita, na angeweza kuieleza tena mbele ya daktari yeyote. Lakini nywele za mikono yake zilikuwa zimesimama, na kwa mara ya kwanza tangu afike kijijini, aliona kuna wakati maelezo yanaweza kungoja.

Jerusa alisimama na lile kopo akaelekea motoni alimwage.

"Si kwa moto!" Waringa alipaza sauti, ile yenyewe, na kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika. "Moshi, Kogo! Mtoto!"

"Moshi mbali na mtoto," Jerusa alijibu papo hapo, kwa wimbo ule ule wa benchi, akageuka. Alitoka nje akaumwaga ugoro kati ya mistari ya chai, akaligongagonga kopo kwenye shina.

"Wiki ijayo kiwandani watauliza chai ya nani inapigisha watu chafya," Cheptoo alisema, na wakaanza kucheka upya.

Kopo Jerusa aliliosha. Hakulitupa. Alilirudisha sandukuni, tupu, na Waringa aliona kwamba hapo hapakuwa na la kufundisha.

Jumanne iliyofuata benchi zilijaa kuliko kawaida, maana habari ilikuwa imefika mpaka Soin. Waringa alisimama mbele akiwa mikono mitupu. Picha alikuwa ameziacha ndani.

"Leo sitauliza mtoto anapewa nini," alisema. "Jibu mnalo. Leo niambieni nyumbani kwenu mnafanya nini. Kweli. Hata ile mnajua sitapenda."

Walitazama paa. Walifunga vitambaa. Huenda wangekaa hivyo mpaka lori la majani lipite, kama Kogo Jerusa asingeinuka kwenye benchi ya mbele, mjukuu mkononi, akawageukia nyanya wenzake.

"Nyinyi mnaogopa nini? Nitaanza mimi," alisema. "Mimi nilikuwa karibu kumwekea huyu tumbako kwa pua." Akawasimulia yote, kopo, kofia na chafya, kwa sauti iliyovuka ua wa michongoma kama ya mwalimu mwenyewe. Mwisho alisema, "Kwa hivyo kurenet ni asubuhi, mtoto akiwa macho. Tumbako ni hapana. Hata kidogo?"

"Hata kidogo hapana!" zikajibu benchi.

"Hapana!" ikaitikia sauti kutoka majanini.

Kisha nyanya mmoja akanyoosha mkono na kusema kwamba kwao, kitovu cha mtoto hupakwa kinyesi cha ng'ombe, je, hilo nalo? Mwingine akasema kwao ni majivu. Waringa alivuta kiti akaketi. Asubuhi hiyo alisikia mambo ya kumtia uzee, na alifundisha zaidi ya alivyofundisha mwaka mzima. Alikuwa na furaha hata akasahau chai yake ikapoa.

Walipomaliza, alifungua chumba cha mizani, akatazama kadi ya juu, akajitokeza mlangoni. Alisita kidogo tu.

"Kipkurui!"

Jerusa alikuwa ameshasimama. Alimweka mjukuu begani, akamfunga vifungo vya koti lake dogo kimoja kimoja, mpaka shingoni.

"Tunakuja, Sista," alisema. "Amesikia."